Mustang ya 1968 inayogonga nyuma: je, shokapu ndizo zenye kosa?

Msomaji wa Chumbageni, Tanga, ameniandikia hivi: "Shikamoo mzee. Marehemu mjomba aliniachia Ford Mustang ya mwaka 1968 yenye injini ya V8 ya inchi za ujazo 289, aliyokuja nayo kutoka Marekani alipostaafu. Ilikaa miaka tisa chini ya turubai, na mwaka huu nimeirudisha barabarani. Kila inaposhuka tuta, nyuma inagonga 'ko', hasa upande wa kulia. Nikipita shimo kwenye lami ya kwenda Pongwe, mkia unaendelea kudunda, na tairi la nyuma la kulia limeanza kuliwa kwa mabonde mabonde. Tena mkia wake umeinuka kuliko wa Mustang ninazoziona pichani. Fundi wa kwanza amesema shokapu zote nne zimekufa. Wa pili alibonyeza gari likatulia, akasema shokapu ni nzima, ila anataka kuchomelea mahali zinaposhikwa kwa juu. Nimsikilize nani?"

Marahaba. Kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao, na huyo wa pili mzuie kabisa asiwashe mashine ya kuchomelea, kwa sababu nitakayoieleza nikifika kwenye tangi la mafuta. Inawezekana kila mmoja ameona nusu ya tatizo. Shokapu za gari hili hazipatikani katika duka la spea la jirani, na kuziagiza ng'ambo ni gharama na ni kungoja, kwa hiyo siku moja ya uchunguzi wa makini itakugharimu kidogo kuliko kununua kwa kukisia.

Tuanze na kazi yenyewe ya shokapu, au shokomzoba kama wengine wanavyoiita, kwani makosa mengi ya uchunguzi huzaliwa hapo. Shokapu haibebi gari. Uzito wa gari lako kwa nyuma umebebwa na springi mbili za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ambazo ekseli nzima, yenye difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) katikati, imekaa juu yake na kukazwa kwa yubolti, yaani boliti zenye umbo la U. Springi ikipigwa na tuta hujikunja na kuuhifadhi msukumo ule, kisha huurudisha, na ikiachwa peke yake ingeendelea kupanda na kushuka mpaka ichoke. Kinachoichosha mapema ni shokapu, ambayo kwa ndani ni pampu tu: pistoni inayosukuma oili kupitia matundu madogo na vali, na kwa kusukuma huko kwa shida hugeuza mwendo kuwa joto. Kwa kawaida hutengenezwa iwe ngumu zaidi inaporefuka kuliko inapofupika, ili gurudumu lisilazimike kupambana nayo linapopanda tuta, lakini bodi isirushwe springi inapojikunjua. Kwa maana hiyo, mkia unaoendelea kudunda baada ya shimo ni dalili halali ya shokapu iliyochoka, ilhali mkia uliolala au uliosimama kupita kiasi ni habari ya springi na vifungo vyake.

Katika barua yako, jambo lililonishtua zaidi ni huo mkia ulioinuka, kuliko hata mlio wenyewe. Kuanzia miaka ya 1970 vijana wengi wa Marekani walipenda kuinua nyuma ya magari ya aina hii ili waweke matairi mapana, na walifanya hivyo kwa njia mbili za mkato. Ya kwanza ni kuweka shakli ndefu, yaani vile vipande viwili vya chuma vinavyoning'iniza ncha ya nyuma ya springi. Ya pili ni kufunga shokapu za upepo, ambazo hujazwa kwa pampu kama tairi na kuinua gari. Zote mbili zinaweza kuleta mlio unaousimulia wewe. Shakli ikirefushwa na shokapu ikabaki ya urefu wa asili, basi gari likiwa limesimama tu shokapu imekwisha kunyooka karibu yote, na gurudumu linaposhuka tuta fimbo yake, ile iliyoshika pistoni, hufika mwisho wake na kugonga. Shokapu ya namna hiyo inaweza kuwa nzima kabisa ndani, ila imefungwa mahali pasipoifaa. Shokapu za upepo zina ubaya mwingine, kwa kuwa huhamishia sehemu ya uzito wa gari kwenye bati la juu ambalo halikutengenezwa kubeba uzito, bali kuzuia mshtuko tu. Mustang haina chasisi ya kujitegemea kama Land Rover, bodi na chasisi ni kitu kimoja, na bati hilo likianza kupasuka huwezi kulifungua na kufunga jingine.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ifanyie kwenye sakafu iliyo sawa kabisa, na ua wenye mchanga haufai. Jaza upepo sawa matairi yote mawili ya nyuma, hakikisha ni ya saizi moja, toa mizigo yote ndani ya buti, kisha pima kwa futi kutoka sakafuni hadi ukingo wa madigadi juu ya kila gurudumu. Zingatia mafuta yaliyomo, kwa sababu tangi la gari hili hubeba takriban lita 60 na liko nyuma ya ekseli, na likijaa huongeza kilo 40 na ushei mahali penye athari kubwa. Tofauti ndogo kati ya kulia na kushoto isikusumbue. Ikiwa tofauti ni kubwa, au ukichungulia nyuma ya gurudumu ukakuta shakli ndefu yenye matundu mengi ya kuchagulia, umekwisha pata nusu ya jibu kabla hata hujachafua mikono.

Sasa kuhusu kile kipimo cha kubonyeza, ambacho fundi wako wa pili amekitegemea. Kinafanywa hivi: unabonyeza kona ya gari kwa uzito wako mara mbili tatu, unaachia, na gari linatakiwa lipande, lishuke kidogo, litulie. Likiendelea kucheza zaidi ya hapo, shokapu imekufa, na katika hilo kipimo hakidanganyi. Likitulia, hata hivyo, usithibitishe lolote. Vyuma bapa vya springi husuguana vyenyewe kwa vyenyewe kila vinapojikunja, na msuguano huo peke yake hutuliza gari. Springi iliyokaa miaka tisa katika hewa ya chumvi ya Tanga imeshikana kwa kutu, na inaweza kulituliza gari hata kama umeng'oa shokapu zote mbili ukaziweka juu ya benchi. Zaidi ya hayo, mkono wa mtu hubonyeza polepole, wakati shimo la barabarani hupiga ghafla, na vali za shokapu zinazofanya kazi katika hali hizo mbili si zilezile. (Ukikifanya, bonyeza bodi karibu na taa na uiache bampa ya kromu. Bampa hizo hupinda, na kwenye jua la saa saba zinaunguza kama kikaango.)

Nilikwisha kudanganywa na hali hiyo kwa upande wake wa pili, nami nikamwingiza mwenye gari hasara. Miaka mingi iliyopita niliitwa kwenye shamba moja la mkonge, kutazama Land Rover ya chasisi ndefu iliyokuwa ikigonga nyuma. Nikabonyeza, ikadunda, nikatamka kwa kujiamini kwamba ni shokapu. Zikanunuliwa mbili mpya, nikazifunga, na gari likatoka getini likigonga vilevile. Shokapu za zamani zilikuwa zimechoka kweli, lakini mlio ulikuwa wa bushi ya shakli, yaani mpira unaoizunguka pini yake, iliyokwisha kiasi kwamba pini ilikuwa ikicheza chuma kwa chuma. Tangu siku hiyo sikubali kuchanganya maswali mawili ambayo barua yako nayo imeyachanganya: kudunda ni swali moja na kugonga ni jingine, na kila moja linachunguzwa peke yake hata kama mwisho wake yatakutana.

Tuanze na kudunda. Ingia chini gari likiwa limesimama kwa matairi yake juu ya rampu au shimo la gereji. Asikudanganye mtu ulale chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Tazama mwili wa shokapu. Ukungu mwembamba wa oili ulioshika vumbi sehemu ya juu si ugonjwa, kwani fimbo hutoka na utando wa oili kila inaporefuka. Ugonjwa ni pale oili inapotiririka hadi chini na kufanya tope. Gari lililosimama muda mrefu lina hatari yake ya pekee: sehemu ya fimbo iliyobaki wazi hupata kutu na vijishimo, na siku gari linapoanza kutembea vijishimo hivyo huingia na kutoka kama msasa na kuichana sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, hata kama sili ilikuwa nzima siku moja kabla. Futa shokapu zote mbili kwa kitambaa, endesha siku mbili, kisha utazame tena. Nusa pia hiyo oili. Oili ya difu ina harufu kali ya kiberiti ambayo huwezi kuikosea, na ukiikuta upande wa ndani wa gurudumu, basi sili ya ekseli ndiyo inayovuja. Hilo ni la haraka kuliko shokapu, kwa sababu oili hiyo ikiingia ndani ya dramu, breki za gurudumu hilo hazipo tena.

Kuna kipimo kingine nikipendacho kwa sababu hakihitaji spana hata moja. Shokapu inayofanya kazi hupata joto, kwa kuwa kazi yake ni kugeuza mdundo kuwa joto. Endesha kilomita kumi hivi kwenye kipande kibovu cha vumbi, simama, kisha mara moja gusa shokapu ya kulia na ya kushoto kwa nyuma ya vidole, ukijihadhari na bomba la ekzosi. Zote mbili zinatakiwa ziwe na joto linalokaribiana. Ile ya baridi imekuwa ikipanda na kushuka bure. Kipimo hiki hakikwambii shokapu ni nzima kiasi gani, lakini kinakuonyesha ile isiyofanya kitu, na mara nyingi hicho ndicho unachotaka kujua.

Tairi nalo ni shahidi. Likiliwa kingo zote mbili, limekuwa likiendeshwa na upepo mdogo, na likiliwa katikati, upepo umezidi. Mabonde mabonde kuzunguka tairi, yanayosikika ukipitisha kiganja juu yake, huonyesha kwamba tairi lilikuwa likiruka na kutua badala ya kubingirika, na hilo hutokana na shokapu iliyokufa au ringi isiyo na balansi. Fanya balansi kwanza, ni kazi ya nusu saa. Kwetu tunaendesha upande wa kushoto, na kingo za lami zilizomeguka hupigwa zaidi na gurudumu la kushoto, kwa hiyo la kulia likiwa ndilo linaloharibika, siishtaki barabara, naushtaki upande huo wa gari.

Sasa kugonga. Ondoa kwanza vitu vya kipuuzi, kwani nimeona watu wazima wakifungua ekseli kwa ajili ya tairi la akiba lililolegea ndani ya buti. Tazama mahanga yanayoning'iniza bomba la ekzosi na mipira miwili ya kuzuia ekseli isipige bodi. Mpira huo ukiwa umebanjuka au unang'aa kwa kupigwa, springi zimelala au shokapu hazizuii kitu. Kisha mwombe mtu mmoja aitikise nyuma ya gari juu na chini huku wewe ukiwa umeshika kwa vidole, kwa zamu, kila kifungo: bushi ya mbele ya springi, shakli, yubolti, sehemu ya chini ya shokapu, na mwisho ya juu. Masikio hudanganywa, kwa sababu bati la gari hupeleka sauti mbali na ilikotoka, lakini kidole kilichowekwa juu ya kifungo chenye mchezo hupigwa papo hapo na hakikosei.

Kwenye Mustang, ncha ya chini ya shokapu hufungwa kwenye sahani iliyobanwa na yubolti chini ya springi, na ncha ya juu ni msumari wenye nati unaopenya bati la sakafu ya nyuma. Nati hiyo ya juu hutaiona ukiwa chini ya gari, ni lazima uifikie kwa kupitia ndani ya buti. Kila ncha ina mipira na wosha pande mbili. Mpira uliokauka hupasuka na kuacha nafasi, msumari ukaanza kucheza ndani ya tundu, na tundu lililokuwa la duara likawa la yai. Mlio wake ni huohuo wa "ko" gurudumu linaposhuka, na dawa yake, kama bati lenyewe bado ni zima, ni mipira mipya ya bei ndogo. Kwaruza rangi na lami ya kuzuia kutu kuzunguka tundu, mulika kwa tochi, utafute ufa unaotoka kwenye tundu kama mguu wa buibui. Ukiuona, fundi wako wa pili hakusema uongo kuhusu mahali penye kosa.

Kosa lake liko kwenye dawa. Bati la juu la tangi la mafuta la gari hili ndilo sehemu ya sakafu ya buti: tangi limedumbukizwa kutoka juu na kufungwa kwa skrubu pembeni, bila bati jingine la kulitenganisha na buti. Kuchomelea kifungo cha shokapu huku tangi likiwa mahali pake ni kuwasha moto kando ya petroli, na tangi lililokaushwa nusu lina mvuke ulio hatari kuliko lililojaa. Tangi lifunguliwe, litolewe, lipelekwe mbali na gereji. Kisha bati lililooza likatwe na kubadilishwa. Wosha nene iliyopachikwa juu ya kutu itashika kwa miezi michache tu.

Hukumu ya mwisho juu ya shokapu hutolewa mkononi. Siku mbili kabla, lowesha nati zote kwa mafuta ya kulegeza kutu. Ekseli iwe imeegemea stendi imara au matairi yawe chini, ili mpira wa breki usivutwe. Zuia fimbo isizunguke, fungua juu, fungua chini, uitoe. Shokapu iliyokuwa imelala huingiza hewa mahali pa oili, kwa hiyo isimamishe wima kama ilivyokuwa garini, uivute na kuisukuma mwendo wake wote mara tano au sita, ndipo uanze kuihukumu. Vuta polepole. Utahisi uzito unaolingana toka mwanzo hadi mwisho, kama kuvuta mti kwenye tope zito. Sukuma, itakuwa nyepesi kidogo. Ukifika mahali mkono ukateleza ghafla bila kizuizi, hata kwa urefu wa kidole, oili imepungua au vali imekwisha, na gari hupita katika pengo hilo kila sekunde bila wewe kujua. Ikikwama au kukwaruza, fimbo imepinda. Ile inayojirefusha yenyewe ukiiachia ina gesi, isiyojirefusha ni ya oili tupu, na hakuna kati ya hizo mbili iliyo mbovu kwa sababu hiyo peke yake.

Zikibainika zimekufa, nunua mbili za nyuma kwa pamoja. Za mbele ziko ndani ya springi za mviringo na zina uchunguzi wake, na fundi wa kwanza hakuwa na sababu ya kuzihukumu kwa mlio wa nyuma. Kabla ya kuagiza, rudisha shakli za urefu wa asili, au kama unaupenda mkia ulioinuka, pima umbali kati ya vifungo viwili gari likiwa limesimama na uagize shokapu ambayo kipimo hicho kinaangukia karibu na katikati ya mwendo wake. Usikubali kutobolewa na kujazwa oili ya injini kwa shokapu iliyochomelewa kiwandani, wala kukatwa ncha ya shokapu ya pikapu ili ichomelewe kwenye mwili wa hii. Moto juu ya silinda yenye oili na gesi unaweza kumtoa fundi macho.

Na ikiwa kinachokusumbua ni mkia kuruka unapokanyaga mafuta kwa nguvu gari likianza kuondoka, hilo usilitafutie dawa kwenye shokapu mpya za kawaida. Hapo nguvu ya injini inaizungusha ekseli na kuzipinda springi ziwe kama herufi S, kisha zinajirudi. Ford wenyewe walilijua, ndiyo maana Mustang zenye injini ya 428 Cobra Jet na gia za mkono zilifungwa shokapu moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake. Chevrolet nao walihamia mpango huo kwenye Camaro ya 1968, baada ya ile ya 1967 yenye springi za chuma kimoja kulalamikiwa. Ya kwako ya 289 haikupewa mpango huo, wala mitaa ya Ngamiani haina nafasi ya kuuhitaji.

Unapofunga mpya, kaza nati za juu na za chini mpaka mpira uvimbe na kulingana na ukingo wa wosha, usipite hapo. Usirudishe zulia la buti siku hiyohiyo. Nenda Pongwe na kurudi, kisha fungua buti na uzikaze tena, kwa sababu mpira mpya hukaa na nati hulegea kidogo katika safari ya kwanza.